Nani Kaoka Mikate ya Leo?

Benchi lenyewe ni la saruji, limejengewa kwenye ukuta wa nyuma wa duka la mikate, na ndilo benchi pekee kisiwani lenye moto wake. Si lote. Moto uko mahali pamoja tu, upana wa makalio ya mtu mmoja aliyeshiba, pale ambapo tanuri limeegemea ukuta kwa ndani, na mahali hapo pana mwenyewe. Ni pa Kamusi, karani mstaafu wa posta, aliyekaa hapo tangu siku ya pili ya kustaafu kwake na hajawahi kumpisha mtu, hata mkwewe alipokuja analia na mgongo. Kushoto kwake hukaa Redio, kinyozi, ambaye hufungua duka lake habari zikiisha, yaani karibu na adhuhuri. Kulia hukaa Bosi, fundi baiskeli, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumtuma mtu kitu kikafanyika. Mwisho kabisa, ambako saruji ni baridi na bomba la mvua linadondoka, hukaa Nyundo, seremala. Kahawa hutoka mlango wa nyuma wa duka, katika birika kubwa jeusi, mkononi mwa mwoka mikate ambaye wote humwita Mgeni, kwa kuwa siku aliyoshuka melini alikuwa mgeni kweli. Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita.

Asubuhi hiyo Nyundo alifika wa mwisho, nywele zimeloa maji, shati limenyooshwa pasi mpaka kola, mkono wa kulia kautia kwenye mfuko wa koti. Akatoa salamu, akakaa mahali pake chini ya bomba. Alikotoka, hapo alikujua yeye na Mgeni, basi.

— Nyundo, shati hilo! Unaposa wapi? — Redio alidakia.

— Naposa nini na miaka yangu hii. Ndilo lililokuwa juu sandukuni.

— Pasi nayo ilikuwa juu sandukuni?

— Mwacheni — alisema Bosi, mdomo umejaa. — Habari ya leo si shati. Habari ya leo ni hii mikate. Hebu shikeni. Huu ni mkate au kisigino?

Wakacheka. Katikati ya benchi palikuwa na sinia la mikate midogo. Kila siku Mgeni huwatolea watu wa benchi ile iliyotoka imepinda, miwili mitatu hivi, ambayo Mama Tanuri, mwenye duka, hawezi kuiweka dirishani. Leo sinia lilikuwa limejaa. Mikate yote imelalia upande mmoja kama abiria waliosinzia, mingine imepasuka mgongoni, na mmoja, kwa sababu aijuaye Mungu peke yake, ulikuwa na pembe.

— Huu wangu mzito — alisema Redio. — Ukianguka mguuni unakwenda hospitali.

— Wangu una kona — alisema Kamusi, akiugeuza mbele ya miwani. — Kona nne. Katika miaka yangu yote sijapata kuona mkate wenye kona nne sawasawa namna hii. Ni kama umepimwa.

Nyundo akatazama viatu vyake. Ulikuwa umepimwa kweli. Mkono umeshazoea kupima, utafanyaje?

Mlango wa nyuma ukafunguka, Mgeni akatoka na birika na vikombe vinne vimepangwa vidoleni. Ni mtu mrefu, mwembamba, nyusi zimepauka kwa unga. Akamimina kama siku zote, akianzia kwa Nyundo, kwa sababu upande wa Nyundo ndio ulio karibu na mlango.

— Mgeni, mwanangu — Kamusi alimwambia — mikate ya leo imekuwaje?

— Mkono, mzee. Leo mkono wangu haukuamka vizuri.

— Pole sana.

— Ahsante, mzee. Inalika lakini?

— Ah, inalika kwa kujikaza.

Mgeni akatabasamu kidogo, macho yake yakapita juu ya Nyundo bila kusimama, akarudi ndani. Nyundo akatamani ardhi ipasuke immeze, benchi na bomba na yote.

Redio akasubiri mlango ufungwe. Akasogeza kichwa katikati, na wenzake wakasogeza vyao, maana wanajua Redio akiinama kuna jambo.

— Si mkono ule. Ni kibali.

— Kibali kimefanyaje?

— Kinaisha Ijumaa. Na safari hii hakifanywi upya.

— Acha mambo yako! — Bosi alisema.

— Mama Tanuri kamwambia mke wangu, mke wangu kaniambia mimi, na mimi ndiyo nawaambia. Mnajua kila mwaka ofisi ya kazi inabandika lile tangazo ubaoni, kwamba kazi ya kuoka mikate iko wazi, mwenyeji mwenye nia aje atie jina. Wiki mbili linakaa. Miaka yote kumi na moja hajatokea mtu, wanalibandua, Mgeni anagongewa mhuri. Mwaka huu katokea.

— Nani?

— Ndiyo hapo sasa! Ofisi haisemi. Jina ni siri. Mwenyeji katia jina, na kama kazi anaiweza, Mgeni anapanda meli ya Jumamosi.

Kamusi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kila anapotaka kueleza sheria hufanya hivyo kwanza.

— Ndivyo ilivyo. Kibali cha mgeni ni cha kazi ambayo mwenyeji haitaki au haiwezi. Akitokea anayeitaka, anajaribiwa. Akiiweza, kibali kinakufa. Sheria ya kisiwa kidogo hiyo. Tuko wachache, kazi chache, kila kiti kimehesabiwa.

— Huyo mtu mimi nikimjua — alisema Bosi — baiskeli yake sitaigusa mpaka naingia kaburini. Pancha atembee nayo.

— Mimi nitamnyoa — alisema Redio. — Nitamkalisha vizuri, nitamfunga kitambaa shingoni, nitamnyoa nusu kichwa, halafu nitafunga duka.

Nyundo akanywa kahawa. Ilikuwa ya moto mno, ikamuunguza ulimi, akaimeza hivyo hivyo.

Tuseme ukweli wake, maana mwenyewe hakuwa na pa kuusema. Miezi minne Nyundo hakuwa ameshika ubao wa mtu. Fanicha siku hizi zinakuja na meli, zimelala ndani ya maboksi, pamoja na skrubu zake na karatasi yenye michoro, na mtu yeyote mwenye kidole gumba anajitangaza fundi. Kamusi mwenyewe alinunua kabati la boksi, akamwita Nyundo aje kulitazama tu, alisifie. Mke wa Nyundo husafisha vyumba hotelini, na tangu karakana ya mumewe ifungwe yeye ndiye mwenye nyumba. Hajawahi kumwambia mumewe neno baya. Humwambia tu "Wewe pumzika, baba," kila asubuhi akivaa viatu, na neno hilo "pumzika" lilikuwa limeanza kumkaa Nyundo kooni kama mwiba.

Siku aliyoliona lile tangazo alikuwa amekwenda ofisi ya kazi kwa mara ya tatu. Alilisoma mara mbili. Kisiwani kuna duka moja la mikate, lenye tanuri moja na mwoka mmoja. Alijua. Alijiambia kwamba hayo ni matangazo tu, hayaajiri mtu, akachukua kalamu iliyofungwa kwa kamba, akatia jina. Barua ya kuitwa majaribio ilipokuja mkewe ndiye aliyeifungua, akaisoma kwa sauti, akacheza na ufagio jikoni. Baada ya hapo, nani angemwambia? Alfajiri ya leo alilitoa lile shati likiwa bado na moto wa pasi, akaenda.

Mgeni alimfungulia mlango. Akaisoma barua taratibu, hadi chini penye mhuri. Kisha akavua aproni yake akampa. Kanuni inasema mwenye kibali asimame pembeni, mikono nyuma, asiguse kitu. Hakugusa. Lakini mdomo haukukatazwa, na muda wote alikuwa akisema kwa sauti ya chini: "Maji kidogo. Kidogo tena. Kuni zipange hivyo, ziachie pumzi. Sasa kanda. Usiupige, ndugu yangu, huo si msumari." Mikate kumi na miwili ya majaribio. Mikate ya dukani Mgeni aliioka baadaye, kwa haraka, huku Nyundo akinawa uso bombani.

— Mimi nawajua ni nani — Redio alikuwa akisema sasa. — Ni hoteli.

— Hoteli ndiyo mwenyeji?

— Sikiliza kwanza! Hoteli inataka kuleta mikate iliyogandishwa, ya melini, migumu kama barafu. Sasa tanuri hili likiwepo, nani atanunua barafu? Kwa hiyo wamemtuma mtu wao. Atapewa kazi, ataunguza mikate wiki nzima makusudi, Mama Tanuri atafunga, wao wataingia.

— Hapana — alisema Bosi. — Huyo ni marehemu.

— Marehemu gani?

— Yuko yule jamaa aliyekuwa akiuza kofia pale bandarini. Kafa mwaka wa tatu huu. Jina lake bado limo kwenye kila daftari la kisiwa hiki. Mpaka leo analetewa barua za maji. Basi mtu kaingia ofisini, kachukua jina la marehemu, katia. Ndiyo maana ofisi inasema ni siri. Wataanzaje kusema?

— Na majaribio atayafanya marehemu?

— Hilo swali lao, si langu.

Kamusi akatikisa kichwa kwa huruma, kama mwalimu aliyekata tamaa na darasa.

— Nyinyi hamjui serikali. Mimi nimekaa ndani yake miaka thelathini. Hayo ni mambo ya kompyuta. Kule makao makuu kuna hesabu ya watu wasio na kazi. Hesabu ikiwa kubwa, wakubwa wanasemwa. Sasa kompyuta inaunda mtu. Inampa jina, inampa umri, inamwombea kazi. Akipata, hesabu inapungua mmoja. Huyo mtu hana miguu wala mikono. Ni umeme mtupu.

— Sasa umeme utakandaje unga? — Bosi aliuliza.

— Ndiyo maana mikate itakuwa hovyo.

Redio hakukubali kushindwa. Akapiga funda la kahawa, akatia chumvi ya mwisho.

— Jamani. Jamani, nisikilizeni. Je, kama ni Mgeni mwenyewe?

— Mgeni mwenyewe nini?

— Katia jina lake mwenyewe! Miaka kumi na moja yuko hapa. Anasema kama sisi, anatukana kama sisi, mvua ikinyesha analalamika kama sisi. Kapita pale ubaoni, kaona kazi ya kuoka mikate, kasema hii naiweza, katia jina. Kajisahau kama yeye ni mgeni!

Wakacheka mpaka Bosi akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Kisha kicheko kikaisha, maana hilo la mwisho halikuwa la kuchekesha sana ukilifikiria. Kila mmoja akanyoosha mkono kwenye sinia, akachukua mkate mwingine.

— Labda — alisema Nyundo, na sauti yake ikatoka ndogo kuliko alivyotaka — labda ni mtu tu anayetaka kazi.

Wakamgeukia.

— Mtu gani?

— Mtu. Hana kazi. Kaona tangazo.

— Mwenyeji gani wa kuamka saa tisa za usiku akande unga? — Redio aliuliza. — Wewe ungeamka?

Nyundo akakiweka kikombe chini.

— Lakini si nyinyi wenyewe — alisema — Jumanne iliyopita, hapa hapa, mlisema wageni wanatumalizia kazi? Bosi, si wewe ulisema kila meli inashusha watu watatu na kupandisha ajira zetu nne?

— Nilisema.

— Na Kamusi ukasema vibali vyote vikusanywe, vichomwe moto.

— Nilisema wageni — alisema Kamusi, akijivuta vizuri mahali pake pa moto. — Sikumsema Mgeni.

— Hilo ni jambo jingine kabisa — aliunga mkono Bosi.

— Kabisa — alisema Redio, akitafuna.

Hapo ndipo alipotokea yule dada. Alikuja kwa njia ya nyuma ya duka, mkoba begani, faili kifuani, viatu vya ofisini vimejaa vumbi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye uso wa mtu aliyetoka nyumbani bila kula.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, binti. Karibu. Umepotea? — Kamusi aliuliza.

— Sijapotea. Natoka ofisi ya kazi. Mwenye duka kaniambia nipitie huku nyuma. Nimekuja kukagua mikate ya majaribio.

— Mikate ya nini?

— Ya majaribio. Yule mwombaji mwenyeji ameoka leo alfajiri. Mikate kumi na miwili, midogo. Naambiwa imewekwa huku ipoe.

Watu wote wakalitazama sinia. Sinia lilikuwa limebaki na makombo na alama ya duara ya unga. Kipande cha mwisho kilikuwa mdomoni mwa Kamusi, na Kamusi, karani wa serikali miaka thelathini, hakujua akimeze au akitoe akiwasilishe.

— Kwa hiyo — Bosi alisema polepole — hii mikate hakuoka Mgeni?

— Mwenye kibali haruhusiwi hata kuugusa unga.

Ungeona nyuso! Redio aliruka akasimama.

— Dada yangu, basi andika haraka! Andika hafai! Ilikuwa mikate mibaya haijapata kutokea!

— Kama visigino — alisema Bosi.

— Ilikuwa na kona! — alisema Kamusi, ambaye sasa alikuwa amemeza. — Mmoja ulikuwa na pembe!

— Mizito!

— Ilipasuka mgongo!

— Huyo mtu hajui mkate, hajawahi hata kuuona, aliusikia tu!

Kila neno lilimwingia Nyundo mahali pake. Yule dada alifungua faili, akatoa kalamu, akawasikiliza wote mpaka mwisho kwa adabu.

— Sawa. Ilikuwa mibaya.

— Sana!

— Basi kama ilikuwa mibaya hivyo, iko wapi?

Redio akamtazama Bosi, Bosi akamtazama Kamusi, na Kamusi akalitazama sinia kana kwamba lingemsaidia. Tena shavuni mwa Kamusi kulikuwa na kombo.

— Mlikula mingapi?

— Kidogo tu — alisema Kamusi.

— Yote?

— Kidogo kidogo, yote.

Yule dada akashusha pumzi.

— Wazee wangu, mimi siwezi kuandika mikate haifai wakati imekwisha. Maelekezo niliyopewa ni mafupi. Iliyobaki bila kuliwa, nahesabu. Iliyoliwa, imefaa. Hakuna hata mmoja uliobaki, basi mwombaji amefaulu.

— Na Mgeni? — Redio aliuliza.

— Nani?

— Mwenye kibali.

— Kibali kinaisha Ijumaa. Kuna meli Jumamosi.

Mgeni alikuwa amesimama mlangoni na birika. Haijulikani alikuwa pale tangu lini. Akasema "Haya," taratibu, kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha, akainama akaliweka birika chini.

Mkono wa Nyundo ulikuwa bado mfukoni. Ndani ya mfuko ule, umefungwa kwa leso, ulikuwamo mkate wa kumi na mbili, na ulikuwa bado na uvuguvugu. Aliuficha alipokuwa akiitoa tanurini, kwa ajili ya mkewe, amwone anavyoufungua mezani, amwambie tu "Huo ni wangu." Sasa hakuwa na haja ya kusema lolote. Kukaa kimya kulitosha. Angekaa kimya kama anavyokaa siku zote, dada angegonga mhuri wake, na kesho asubuhi hakuna ambaye angemwambia apumzike. Wala isingekuwa wizi. Aliamka, akakanda, akaoka, mikate ikaliwa. Hakuna uongo hata kidogo ndani yake. Akamtazama Mgeni, aliyesimama pale bila aproni, maana aproni ilikuwa bado imetundikwa kwenye ule msumari aliomwonyesha Nyundo alfajiri, akamwambia: "Hapa ndipo pa kuitundika, isishike moto."

Nyundo akapiga moyo konde, akatoa mkono mfukoni.

— Mmoja upo — alisema. — Huu hapa.

Akaifungua leso. Mkate ulikuwa umelalia upande, una kona nne. Kwenye kifundo cha mkono ulioushika palikuwa na alama mpya ya kuungua, nyekundu, ndefu, ya mtu asiyejua mlango wa tanuri unafunguka kwa upande gani.

— Nyundo? — alisema Redio.

— Ni mimi. Jina nilitia mimi. Mikate nimeoka mimi. Na mmeisema vizuri sana, haifai. Dada, andika.

Yule dada akauchukua mkate, akaugeuzageuza, akaubonyeza ubavu.

— Mimi sikuulizi mkate, baba. Nakuuliza wewe. Hii kazi unaiweza au huiwezi?

— Siiwezi.

— Anaiweza — alisema Mgeni.

Wote wakageuka.

— Wewe nyamaza! — Nyundo akafoka.

— Mkono anao. Haraka ndiyo inayomsumbua. Mwezi mmoja tu, ataoka kunishinda mimi.

— Huyu mtu ana wazimu! — Nyundo alimwambia yule dada. — Usimsikilize. Anatetea meli imchukue. Nimesema siiwezi. Mimi ni mtu wa mbao. Mbao ukiipigia msumari inatulia, haivimbi ukienda kunawa.

— Angalia moto alivyouwasha — Mgeni aliendelea. — Mara moja tu, bila moshi. Mimi ulinichukua wiki.

— Bwana, hebu nyamaza! — Bosi naye akamkemea Mgeni. — Unaokolewa, unabisha!

Dada wa ofisi akainua kalamu, wakatulia.

— Kanuni haimuulizi mwenye kibali. Inamuuliza mwombaji. Baba, mara ya mwisho. Unaiweza?

Nyundo hakumtazama Mgeni tena, wala hakumfikiria mkewe na ufagio wake, au alijitahidi asimfikirie.

— Siiwezi.

Dada akaandika. Akampa Nyundo kalamu, naye Nyundo akatia sahihi. Dada akatoa mhuri mkobani, akaupulizia, akagonga juu ya saruji ya benchi, na hapo hapo kibali cha mwoka mikate kikapata mwaka mmoja mwingine. Redio akapiga makofi. Bosi akamkumbatia Mgeni mpaka unga ukaruka. Kamusi akakiomba kibali akisome, akakisoma, akatangaza kuwa kimeandikwa sawasawa. Kwa dakika mbili tatu benchi lilikuwa na furaha kubwa, na katikati ya furaha hiyo hakuna aliyejua amwambie nini Nyundo. Wa kumnyoa nusu kichwa alikuwa akipangusa macho. Wa kutogusa baiskeli alimpigapiga begani, akaacha mkono pale.

Yule dada alikuwa bado ameshika ule mkate. Njaa ni njaa. Akamega kona moja akala, akamega nyingine. Wao wakishangilia, yeye akitafuna, hadi kona zote nne zikaisha, akakung'uta makombo kwenye faili.

— Mbona mtamu? — alisema.

Kisha akamrudishia Nyundo leso yake, imekunjwa vizuri, akamwuliza bila nia mbaya yoyote, kama binti anayemwuliza baba yake:

— Sasa wewe, baba, utafanya kazi gani?

Redio, ambaye ana habari za kisiwa kizima, alitazama barabarani. Bosi akaondoa mkono begani mwa Nyundo, akauchunguza kama una grisi. Mgeni akaliokota birika haraka, akaliinamisha juu ya kikombe cha Nyundo, likatoa matone mawili meusi na masimbi ya chini, basi, kahawa imekwisha. Dada akaaga wazee, akaenda zake na viatu vyake vya vumbi.

Kamusi akakohoa. Akavua miwani, akaipangusa, wote wakadhani anataka kueleza sheria. Alisimama, akajinyoosha mgongo, akatembea hadi mwisho wa benchi, akakaa chini ya bomba la mvua kwenye saruji baridi.

— Nyundo, ndugu yangu — alisema. — Nenda kakae pale.

— Si mahali pako pale?

— Nenda kakae, bwana.

Nyundo akaenda akakaa. Ukuta ulikuwa bado na moto, na moto wa asubuhi hiyo aliuwasha yeye.